Tupeane uzoefu: akina Jackson wanavyoua maswali ya chemsha bongo

Kengele Moja (mleta mada)
Wakuu, kuna swali linazunguka kwenye magrupu: "Michael Jackson alifariki mwaka gani?" Watu wanajibu 2009 bila kupepesa macho. Sasa akitokea mbishi akasema 2007, hana kosa. Yupo Michael Jackson Mwingereza, mwandishi aliyebobea kwenye bia na wiski, kazaliwa 1942, kafariki Agosti 30, 2007. Akija mwingine akasema 2024, naye yumo: Jenerali Sir Mike Jackson, mkuu wa jeshi la nchi kavu la Uingereza 2003 hadi 2006, kafariki Oktoba 2024. Hapo swali limekufa na pointi zinagombaniwa. Wenye kazi za kutunga maswali, kupanga maktaba, kuongoza watalii, mwageni hapa: akina Jackson mnawatenganishaje?

Mkutubi wa Zamu
Kanuni ya katalogi ni ya zamani na bado inafanya kazi. Unaanza na jina la mwisho, mkato, majina ya mwanzo, mkato, kisha miaka. *Jackson, Michael, 1942–2007. Jackson, Michael, 1958–2009.* Basi. Miaka ikikosekana ndipo unaongeza kazi.

Watu wanaharibu kwa kuanza na kazi. Ukiandika "Jackson, mwanasiasa" umewaita Andrew, Jesse na Glenda kwa pamoja. Na Glenda ndiye mtego wenyewe: ana Oscar mbili za uigizaji, halafu akaingia Bunge la Uingereza 1992 na kukaa hadi 2015. Ukimfungia kwenye droo moja, nusu ya wanaomtafuta hawatampata.

Jina la utani nalo litengenezewe kadi ya kuelekeza. Bo Jackson, mwanamichezo wa Marekani, ni Vincent Edward. Shoeless Joe wa besiboli ni Joseph Jefferson. Stonewall, jenerali wa Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ni Thomas Jonathan. Usisahau na jina la kuzaliwa: Jesse Jackson alizaliwa Greenville, South Carolina, 1941, akiitwa Jesse Louis Burns. Jackson ni la baba wa kambo.

Ukisikia "Jaji Jackson wa Mahakama ya Juu ya Marekani" usiandike kitu kabla hujauliza mwaka. Wapo watatu. Howell, 1893 hadi 1895. Robert, 1941 hadi 1954, ambaye katikati hapo aliacha kiti kwa muda akaenda kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Marekani kule Nuremberg, kwenye kesi ya viongozi wa Nazi. Na Ketanji Brown Jackson, kuanzia 2022, ambaye Jackson kalipata kwa mumewe.

Bibi Pointi
Nakazia hapo kwa Glenda. Anaangusha timu nzima yule.

Mstari wa Mbele
Mkutubi, umemgusa Stonewall ukapita kama hujui umegusa nini. Huyo ndiye Jackson anayeharibu maswali kuliko wote, ngoja niliweke lote.

Usiku wa Mei 2, 1863, Chancellorsville, Virginia. Mchana wake Jackson kawazungusha wanajeshi wake porini, kawapiga wa Kaskazini ubavuni, wametawanyika. Giza limeingia, yeye hataki kulala. Anatoka na maofisa wachache juu ya farasi, anapita mbele ya mstari wa askari wake mwenyewe ili aone kama anaweza kushambulia usiku huohuo. Wakati wa kurudi, kikosi cha 18 cha North Carolina kinasikia kwato zinakuja kutoka upande wa adui. Wanafyatua. Wanaambiwa wasimamishe moto, ni wenzenu! Wao wanaona ni ujanja wa adui, wanafyatua tena. Risasi tatu zimempata: mbili mkono wa kushoto, moja kiganja cha kulia. Wabeba machela wanamwangusha njiani huku mizinga ikinguruma. Usiku huohuo daktari Hunter McGuire anamlaza kwa klorofomu na kuukata mkono wa kushoto karibu na bega.

Hapo anaonekana atapona. Anapelekwa nyuma, Guinea Station, mbali na vita. Kisha nimonia inamshika, anafariki Mei 10 akiwa na miaka 39. Mwili ukazikwa Lexington, Virginia.

Mkono ulishazikwa kabla yake. Kasisi wa jeshi aliuchukua akauzika kwenye makaburi ya familia pale shamba la Ellwood, karibu na uwanja wa vita. Una jiwe lake hadi leo, liliwekwa 1903.

Sauti ya Jukwaa
Subiri. MKONO una kaburi?

Bibi Pointi
Na jiwe. Kuna watu wazima wamezikwa bila jiwe.

Mbishi Halali
Kwa hiyo jibu la "Stonewall Jackson aliuawa na nani" ni askari wake.

Mstari wa Mbele
Hapana, ni nimonia. Askari wake walimjeruhi.

Mbishi Halali
Bila risasi asingekatwa mkono, bila kukatwa asingelazwa, bila kulazwa nimonia ingemkuta wapi? Mkuu usitupige chenga.

Kengele Moja
Hamuoni kwamba ndiyo ubovu wa swali wenyewe? "Aliuawa na nani" inafungua mlango wa ubishi. Uliza "alipigwa risasi na askari wa upande upi", jibu linabaki moja.

Sauti ya Jukwaa
Mimi bado niko kwenye mkono. Kasisi aliusomea sala?

Mzee wa Ramani
Huyo mnayemlilia alikuwa anapigania upande uliotaka kubaki na watumwa. Tusimpambe sana.

Mstari wa Mbele
Nani kampamba? Nimeeleza tukio.

Darubini Begani
Tukirudi huku kwetu kidogo, maana Jackson aliyeacha alama Afrika Mashariki hamjamtaja. Frederick John Jackson, 1860–1929. Alifika pwani kupitia Lamu 1884 kuwinda na kukusanya ndege, baadaye akaongoza msafara wa kampuni ya Waingereza kwenda bara, na mwishowe akawa Gavana wa Uganda 1911 hadi 1918. Jina lake limebaki kwa kinyonga, kwa yule ndege mweusi wa nyasi ndefu za nyanda za juu ambaye dume lake linarukaruka papo kwa papo kuita jike, na kwa aina ya kongoni.

Kwa waongoza watalii, makosa yapo kwenye kinyonga. Dume la kinyonga wa Jackson lina pembe tatu, moja puani na mbili juu ya macho. Mtu akiona pembe tatu tu, anatangaza "Jackson!" Sivyo. Kinyonga wa Johnston naye ana pembe tatu. Fanya hivi:

Kwanza uliza uko wapi. Jackson ni wa milima ya Kenya, na kaskazini mwa Tanzania yupo Mlima Meru wa Arusha, jamii ndogo yenye jina la mlima wenyewe. Johnston ni wa milima ya magharibi: magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo. Pili, uzazi. Jackson anazaa watoto hai. Johnston anataga mayai. Tatu, usitegemee rangi hata kidogo, inabadilika kwa joto na kwa hasira. Jike nalo lisikuchanganye, pembe zake zinaweza kuwa ndogo sana au zisiwepo.

Na hao wawili waliopewa vinyonga walifahamiana vizuri: Harry Johnston alipokuwa Kamishna Maalumu wa Uganda, 1899 hadi 1901, Jackson alikuwa chini yake. Johnston akapata na okapi juu, yule mnyama wa misitu ya Kongo.

Bibi Pointi
Mbona watu wanasema kinyonga wa Jackson yuko Hawaii? Kuna picha kibao za kule.

Darubini Begani
Walipelekwa 1972 kama wanyama wa kufugwa, wakaachiwa, wakazaana. Siyo kwao. Ukitunga swali la asili yake, andika "asili yake ni wapi", usiandike "anapatikana wapi".

Mzee wa Ramani
Kwa huyo Frederick mmeacha uhondo. 1889 alipofika Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, Kabaka Mwanga alikuwa anamwandikia aje amsaidie. Jackson akasita, maagizo ya kampuni hayakumruhusu kuingia Buganda. Akaenda zake upande wa Mlima Elgon kuwinda pembe za ndovu. Februari 1890 nani anaingia Mumias? Karl Peters, ametokea Witu na mto Tana. Anakuta barua za Jackson zimehifadhiwa pale. Anazifungua, anasoma, anaona Mwanga anaomba msaada, anakaza mwendo kwenda Mengo, makao ya Kabaka, na kutia saini mkataba na Mwanga kwa niaba ya Wajerumani. Jackson kufika Mengo, mwenzake ameshaondoka.

Kazi yote ikafutwa Julai 1, 1890, London na Berlin walipokubaliana: Uganda na Zanzibar zikaenda kwa Mwingereza, Mjerumani akapewa kisiwa cha Heligoland. Kwenye swali, msiseme Peters "aliipata Uganda". Alipata karatasi.

Sauti ya Jukwaa
Peters si ndiye aliyeitwa Mkono wa Damu? Leo ni siku ya mikono.

Mbishi Halali
Kusoma barua za mtu. Hata kama ni ukoloni, heshima iko wapi.

Mkutubi wa Zamu
Naomba turudi kwenye mada. Kosa kubwa hapa kwetu halihusu hao wazungu kabisa. Kwetu Jackson ni jina la kwanza. Neema Jackson wa Mbeya ni binti wa mzee aitwaye Jackson, na mjukuu anaweza asilibebe jina hilo popote. Ukichukua orodha ya majina yanayoishia na Jackson Tanzania au Kenya ukaifanya ukoo, umekusanya watoto wa baba tofauti mia. Kwenye kadi ya Mtanzania andika majina yote matatu kwa mpangilio wake, usigeuze. Programu za kigeni zinalichukua jina la mwisho na kuliweka mbele zenyewe, inabidi kukagua kwa mkono.

Bibi Pointi
Huo ndio ukweli. Halafu wanauliza "wewe na Michael ni ndugu?"

Kengele Moja
Na Marekani kwenyewe? Naona Weusi wengi ni akina Jackson.

Mbishi Halali
Wamechukua kwa rais Andrew Jackson, inajulikana.

Mkutubi wa Zamu
Inajulikana na nani? Kwenye sensa ya Marekani ya 2000, zaidi ya nusu ya wenye jina Jackson walikuwa Weusi, hilo ni kweli. Lakini waliotoka utumwani walipata majina kwa njia nyingi: wengine la bwana wa sasa, wengine la bwana wa zamani, wengine walichagua wenyewe. Na akina Jackson wenye watumwa walikuwa wengi, siyo rais peke yake. Mahalia Jackson, mwimbaji wa injili aliyeimba kwenye maandamano ya haki za Weusi Washington Agosti 28, 1963, Jesse Jackson na Michael Jackson ni watu watatu wa familia tatu.

Mzee wa Ramani
Huyo Andrew naye awekwe sawa. Rais wa 7, 1829 hadi 1837. Aliipinga benki ya taifa kwa nguvu zote na hakuamini pesa za karatasi, wakamweka kwenye noti ya dola 20 tangu 1928. Ndiye aliyetia saini sheria ya 1830 ya kuwahamisha wenyeji wa asili kutoka ardhi zao.

Mstari wa Mbele
Halafu Januari 30, 1835, pale kwenye jengo la Bunge, Richard Lawrence alimlenga kwa bastola, ikagoma. Akatoa ya pili, ikagoma. Mzee wa miaka 67 akamvaa na bakora. Swali zuri la raundi ya mwisho: bastola ngapi?

Sauti ya Jukwaa
Jackson mwenye mkono uliozikwa, Jackson mwenye bakora. Hii familia...

Mkutubi wa Zamu
SIYO FAMILIA.

Kengele Moja
😂 Wa muziki je? Hao angalau ni familia.

Bibi Pointi
Ni familia na bado wanaangusha watu. Watano wa awali wa Jackson 5 ni Jackie, Tito, Jermaine, Marlon na Michael. Mtu akitaja Randy, mnyime pointi. Randy, mdogo wao, aliingia rasmi walipohama kampuni ya muziki ya Motown katikati ya miaka ya 1970, akichukua nafasi ya Jermaine, ambaye alibaki Motown kwa sababu alikuwa amemuoa binti wa mwenye kampuni. Jina Jackson 5 likabaki na kampuni, wao wakawa The Jacksons. Kwa hiyo swali liseme kundi gani na kipindi gani. Janet hakuwahi kuwa mmoja wa watano, msimchomeke.

Mbishi Halali
Ushauri wangu: msiulize Jackson kabisa. Wapo akina Livingstone, mmoja anatosha.

Kengele Moja
Mimi naona kinyume. Jackson iwe raundi nzima, maswali kumi, kila jibu ni Jackson, timu itoe jina la kwanza na muongo. Hapo unajua nani kasoma.

Mstari wa Mbele
Kumi ni mengi, watachoka. Matano, na la tano liwe la mkono.

Mzee wa Ramani
Mkiweka na miji, angalieni. Jackson ya Mississippi na Jacksonville ya Florida zimeitwa kwa rais. Jackson ya Wyoming imetokana na bonde la Jackson Hole, na hilo liliitwa kwa mtega wanyama wa manyoya, Davey Jackson.

Sauti ya Jukwaa
Huyo Davey mikono yake yote ilikuwepo?