Picha imebadilika maana bila mimi kuigusa, nifanyeje?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mimi ni mpiga picha, na kwenye picha mia tatu na ushee za Unguja nimechuja 12 za maonyesho madogo. Kumi na moja hazinisumbui.

Hiyo moja niliipiga Forodhani mwaka 2019. Kuna mtoto anakunywa urojo, kijiko kiko mdomoni, tone la ukwaju limemdondokea kwenye kanzu nyeupe ya chuoni, na jicho lake limekwishaliona lile doa. Nilibonyeza kwa ajili ya jicho lile tu. Nyuma yake, kwa ukungu, limesimama Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe. Wala sikulijali.

Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba lile ikaporomoka, na watu wakafa. Tangu hapo kila ninayemwonyesha anamruka mtoto, anaenda moja kwa moja kwenye zile roshani. Mama mmoja alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Lilikuwa zima bado." Nikakosa la kujibu.

Sasa chini ya picha niandike nini? Nikitaja jumba, nitakuwa najifanya nilikuwa na maono, na huo ni uongo. Nikiandika habari za doa tu, naogopa nitaonekana sina utu. Mwenzangu ananiambia niache tupu, niweke mwaka basi. Mimi naona huko ni kukwepa.

Waliowahi kufanya maonyesho, nyinyi mngeandikaje? Na je, niipeleke mwisho wa ukuta au ikae katikati na wenzake?