Tumechanganya ukoo wa CBD na wa THC, miche yote imetoka nusu kwa nusu, tung'oe?

mtoto_wa_pangani: Wakuu habari zenu. Niko Oregon huku Marekani kwenye shamba la bangi, lina leseni kabisa msije mkanichoma bure. Bosi alichukua jike la hempu (bangi isiyolevya) lenye CBD nyingi, ile kemikali isiyolevya, akalipaka chavua ya dume la ukoo wa THC, ile inayolevya, maana alikuwa anaitaka ile harufu ya limau. Majibu ya maabara yamerudi, miche yote, narudia YOTE, ina THC na CBD karibu sawasawa, hamna hata mmoja uliomfuata mama. Bosi kanuna anasema ing'olewe, mi naona tunatupa mali. Hii kitu inarithiwaje?

jembe_kali: Hilo ni jua kali tu mkuu. Mmea ukikosa maji THC inapanda, mbona inajulikana

fundi_mbegu: Hapana kaka jembe, jua na maji vinaweza kupunguza au kuongeza kiasi, ila uwiano wa THC na CBD uko kwenye jeni. Mmea unaanza na CBGA, kemikali mama ya hizo zote, halafu kuna enzaimu mbili zinaigombania, moja inaigeuza THCA nyingine CBDA, zikipata moto ndo zinakuwa THC na CBD. Watafiti kina de Meijer walishalionyesha hili tangu 2003. Miche yenu kila mmoja kapokea enzaimu moja kwa mama moja kwa baba, sasa itatokaje tofauti? Msing'oe, zalisheni hao ndugu kwa ndugu, kizazi cha pili robo itakuwa ya THC, nusu mchanganyiko kama hiyo, robo CBD tupu. Harufu inarithiwa kivyake kwa hiyo pandeni mingi, mche wenye CBD tupu na limau pamoja hauji kirahisi. Na msisubiri maua, kateni kijipande cha jani mche ukiwa bado mdogo mpeleke wapime DNA

mtoto_wa_pangani: Daah asante sana mkuu. Kwa hiyo hiyo robo ya CBD tunaiuza kama hempu?

mama_shamba: Hapo mdogo wangu pana kazi. Sheria ya Marekani ya 2018 inataka THC isizidi 0.3%, na hiyo enzaimu ya CBD nayo haina mkono safi, ikitengeneza CBD inadondosha na THC kidogo, kama sehemu moja kwa kila 20 mpaka 30 hivi. Piga hesabu, ua likifika CBD 12% ushavuka mstari na jeni zako ni safi kabisa. Ndo maana wakulima wa hempu wanavuna mapema, wengine wamekimbilia mimea ya CBG, kemikali inayotokana na CBGA, yaani mimea ambayo hizo enzaimu zimekufa CBGA inabaki ilivyo. Lakini nyie si mna leseni ya bangi? Mkiuza humohumo Oregon hiyo 0.3 haiwabani. Bosi wako anataka kuuza wapi kwani?