Wauza mafuta ya mdalasini Kariakoo, mnaunguza watu ngozi!

Wakuu, hii biashara ya vichupa imezidi. Chupa ya mililita 10, lebo imeandikwa "mdalasini asilia", basi. Ya gome au ya majani? Kimya. Na hatari yote iko hapo!

Mafuta ya gome yamejaa sinamaldehaidi, ndiyo inayochoma. Ya majani yana yujenoli, ileile ya karafuu. Kwa kupaka mwilini, kiwango cha juu kinachoshauriwa ni asilimia 0.07 kwa gome na 0.6 kwa majani. Matone 20 ni kama mililita moja. Sasa pigeni hesabu: kwenye mililita 100 za mafuta ya nazi au ufuta, ya majani mwisho matone 12. Ya gome, tone MOJA. Halafu muuzaji anamwambia dada wa masaji atie matone kumi kwenye mililita 50! Kama ni ya gome, hiyo ni zaidi ya mara 14 ya kiwango.

Na msidhani ni muwasho wa siku moja. Ngozi ikishapata mzio wa kitu hiki hauondoki, hata dawa ya meno yenye mdalasini inaweza kuvimbisha midomo.

Kwenye maji ya kuoga msitie kabisa. Mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea yakiwa makali vilevile na kugandia sehemu laini za mwili. Nyungu ndiyo mbaya zaidi: umejifunika blanketi, mvuke wote unaingia machoni na kifuani. Mwenye pumu atabanwa pumzi humo humo.

Kama ni harufu ya chumba, matone 2 au 3 kwenye mashine ya mvuke, dirisha wazi, nusu saa, zima. Hivi vyumba vya kiyoyozi vilivyofungwa havifai. Mtoto mchanga, mjamzito na paka wasiwemo. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asipake ya majani, yujenoli inapunguza kuganda kwa damu.

Yakimwagikia ngozi, msikimbilie maji. Futa kwa kitambaa, paka mafuta ya kula, futa tena, ndipo sabuni. Yakiingia jichoni, hapo ni maji mengi yanayotiririka, dakika 15, kisha hospitali.

Wauzaji, andikeni gome au majani, na jina la mti: Cinnamomum verum au cassia. Na msiweke chupa juani, joto linayaharibu mafuta na yakiharibika yanawasha zaidi.