Historia ya Paul Bomani katika uchaguzi: waziri aliyeshindwa Mwanza mwaka 1965 alirudije katika Baraza la Mawaziri?

Mkazi wa Nyakato ameuliza:

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu habari za leo. Ninaandaa maelezo kuhusu viongozi waliotokana na vyama vya ushirika vya pamba huku Kanda ya Ziwa, na nimekwama kwa marehemu Paul Bomani. Kila ninaposoma habari zake nakuta kwamba alikuwa Waziri wa Fedha tangu mwaka 1962, kwamba alishindwa katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965 hapa Mwanza, na kwamba mara baada ya kushindwa alikuwa tena waziri. Nchi ilikuwa na chama kimoja, TANU, na yeye alikuwa miongoni mwa vigogo wake. Alishindwa na nani, kama hapakuwa na upinzani? Na wananchi wakishamkataa mtu, alirudi bungeni kwa mlango upi?

Mstaafu wa Ushirika, Misungwi:

Marahaba, mwanangu. Swali lako halijibiki bila kuanza na mizani, kwa sababu siasa za Bomani zilianzia hapo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko ya muda mrefu kwamba wanunuzi binafsi wanawapunja kilo. Wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza na wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia, mkulima akapata kujua uzito wa mzigo wake kabla hajaufikisha kwa mnunuzi. Kutokana na kazi hiyo vikazaliwa vyama vya msingi, kisha miungano, na hatimaye mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Bomani alikuwa meneja wake mkuu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini tu, mzaliwa wa Ikizu upande wa Musoma, aliyekwisha kusomea mambo ya ushirika Loughborough, Uingereza.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 1954 hadi mwaka 1958 serikali ya kikoloni haikuruhusu TANU kuendesha shughuli zake Usukuma. Katika miaka hiyo ushirika ndio uliokuwa uwanja ambamo Mwafrika aliweza kukutana na mwenzake, kuchagua viongozi na kujadili fedha zake kihalali. Bomani, ambaye pia aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, alipata wafuasi wake huko. Ndiyo maana mwaka 1960, TANU ilipotwaa viti 70 kati ya 71, haikumshangaza mtu yeyote wa huku kumwona akikabidhiwa Wizara ya Kilimo na Maendeleo ya Ushirika, na miaka miwili baadaye Wizara ya Fedha.

Mwalimu wa Uraia, Kirumba:

Naomba niendelee pale mzee alipoishia, nijibu swali la «alishindwa na nani». Alishindwa na mwanachama mwenzake wa TANU. Katiba ya muda ya mwaka 1965 iliifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria, lakini Mwalimu Nyerere na wenzake walitaka wananchi wabaki na uwezo wa kumwondoa mbunge. Walikuwa wameona mwaka 1960 jinsi wagombea wengi wa TANU walivyopita bila kupingwa, hata mpiga kura akakosa la kuamua. Kwa hiyo mkutano wa wilaya wa chama ulipigia kura majina ya waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua mawili, na wawili hao ndio waliopelekwa kwa wananchi wote, wawe wanachama au la. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua. Walihutubia mikutano kwa pamoja chini ya usimamizi wa chama, na hawakuruhusiwa kutumia kabila, dini wala rangi, wala kudai kwamba Mwalimu anamtaka mmoja wao.

Ukiutazama vizuri utaratibu huo, ulimnyima waziri karibu silaha zake zote. Alisimama jukwaa moja na mtu asiye na cheo, akaulizwa maswali yaleyale. Mwezi Septemba mwaka 1965 mawaziri wawili walianguka pamoja na mawaziri wadogo kadhaa, na kwa maoni yangu kuanguka kwa Bomani ndiko kulikokuwa na uzito mkubwa kuliko kote, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika hazina ya nchi.

Sababu? Nadhani zipo katika chanzo kilekile cha umaarufu wake. Kufikia wakati huo mkulima alikuwa haoni tena ushirika kama mlinzi wake dhidi ya mnunuzi. Aliuona kama ofisi inayokata fedha zake kabla hajalipwa. Malalamiko yalifikia kiwango cha Rais kuunda kamati maalumu ya uchunguzi wa vyama vya ushirika mwaka 1966, na muda mfupi baadaye serikali ikaingilia uongozi wa Shirikisho la Victoria, ambalo nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Mgombea aliyejengwa na ushirika hakuweza kukwepa hasira zilizoelekezwa kwa ushirika, hata kama kwa wakati huo alikuwa Dar es Salaam akishughulikia bajeti.

Kuhusu mlango wa kurudia: Bunge la wakati huo halikuwa la wabunge wa majimbo peke yao. Walikuwapo walioteuliwa na Rais, na waliochaguliwa na Bunge lenyewe kutoka katika majina yaliyopendekezwa na taasisi za kitaifa. Bomani alirudi kupitia nafasi hizo zisizo na jimbo, akawa Waziri wa Mambo ya Uchumi na Mipango ya Maendeleo, na Wizara ya Fedha ikaenda kwa Amir Jamal.

Mkazi wa Nyakato:

Nashukuru sana, nimeelewa. Lakini mwalimu, je, huko hakukuwa kuwapuuza waliopiga kura?

Mwalimu wa Uraia, Kirumba:

Kwa upande mmoja ndiyo, nami sitalificha hilo. Mpiga kura wa Mwanza aliweza kuamua nani asimwakilishe, lakini hakuweza kuamua nani asimtawale. Hata hivyo taifa lilikuwa na wasomi na watendaji wachache mno, na miaka iliyofuata ilionyesha kwamba alikuwa na kazi ya kufanya: alikuwa balozi wetu Marekani kuanzia mwaka 1972 hadi 1983, na baadaye Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2005.

Dada wa Igoma:

Ningependa mwenye mada alinganishe na mwaka 2010. Lawrence Masha, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alishindwa Nyamagana na Ezekiel Wenje wa CHADEMA, na jirani yake Anthony Diallo, aliyewahi kuwa waziri, akashindwa Ilemela na Highness Kiwia wa chama hichohicho. Rais bado alikuwa na viti kumi vya kuteua wabunge, lakini Masha hakurudishwa katika Baraza la Mawaziri. Kwa hiyo katiba ilikuwa bado na mlango ule; kilichobadilika ni gharama ya kisiasa ya kuutumia, kwa sababu safari hii kiti kilikuwa kimeenda chama kingine.