Stesheni imekata mwezi mpevu ndio tuone jamaa akipima maikrofoni, wasee leo sinyamazi

Wasee mko poa? Mimi siko poa hata kidogo.

Kuna stesheni moja hapa Nairobi, sitaitaja, mnaijua, ni ile ile. Ile yenye taarifa ya saa moja huanza saa ile imewapendeza. Hao hao. Nimewavumilia vitu mingi hawa watu, nimevumilia tangazo la sabuni mara nne mfululizo, nimevumilia maandishi ya chini kufunika nusu ya mpira mpaka unaangalia visigino tu, lakini ya jana hapana, hiyo nitaenda nayo kaburini na nikifufuliwa nitaanzia hapo.

Jana jioni, ile tamthilia ya H2O. Wale wasichana watatu wa Australia, Cleo, Emma na Rikki, wakiguswa na maji hata tone moja ya juisi sekunde kumi haziishi wameshakuwa nguva, mkia umetoka, na hakuna mtu anafaa kujua, si wazazi si walimu, ni rafiki yao Lewis ndio anawafichia. Najua ni ya watoto. Najua ilianza 2006. Usinikumbushe. Mimi huangalia na mpwa wangu ako gredi ya nne na ni yeye alinianzisha, kwa hivyo kama uko na kicheko mpelekee yeye, na uvae kofia ya chuma.

Sasa tumefuata msimu wa pili wote, episodi 26, kila jioni mboga inaungua jikoni na hakuna mtu anainuka. Tumemvumilia Charlotte. Charlotte, wasee! Anakuja mgeni hapo, anamchukua Lewis pindi tu Cleo amemwacha, halafu anaingia kwenye lile bwawa la ndani ya volkano ya Kisiwa cha Mako na kutoka na nguvu zote tatu peke yake, kugandisha maji ni yeye, kuchemsha ni yeye, kuyachezesha hewani ni yeye, na bado hajashiba, anataka wale wengine wanyang'anywe zao. Kila ploti iko na mtu wa hivyo, yule ako na tangi yake imejaa na bado usiku anachota kwa yako.

Kwa hivyo mnaelewa vile tulingoja episodi ya mwisho. Ni ule usiku wa mwezi wa miaka 50, nguva akipatikana ndani ya bwawa mwezi ukipita juu basi nguvu zimeenda, na zimeenda kabisa. Mpwa wangu amepanda juu ya kochi na viatu na hakuna mtu amemkemea. Mimi nimeshika chapati, haijafika mdomoni. Mwezi unasogea. Unasogea. Umefika pale juu ya mdomo wa volkano

na wakakata.

Hakuna samahani hakuna "tutarejea". Wakatupeleka laivu. Laivu wapi, harambee. Kumuona nani, mheshimiwa? Hata mheshimiwa hakuwa amefika!! Ni jamaa wa suti ya rangi ya maziwa anapima maikrofoni. "Heloo. Heloo. Moja, mbili. Moja, mbili." Anapuliza. Puuuf. Anaigonga na kidole, anaangalia waya, anaifuata hiyo waya kwa macho mpaka kwa spika, anarudi. "Nyuma huko mnanisikia?" Na nyuma huko hakuna mtu wasee, ni viti vya plastiki na mama mmoja anafunga kitambaa kwa mti!

Nchi nzima inaangalia mtu akihesabu mpaka mbili. Hata tatu hakufika.

Nikajiambia ni makosa ya mitambo watarudi. Jamaa akapuliza tena. Chapati ikapoa mkononi. Mpwa wangu akaniuliza "anko, huyu ndio anapewa nguvu za Charlotte?" nikakosa jibu, kwa sababu kwa hali ilivyokuwa inawezekana kabisa.

Mheshimiwa akafika, akaongea barabara, akaongea maadui zake, akatoa bahasha, akaenda, na stesheni ikarudi na kipindi cha mapishi. Mapishi! Mama anakaanga vitunguu ametulia tuli, hana habari taifa limejeruhiwa.

Mnadhani imeisha? Leo jioni nikasema hawa ni binadamu, watarudia ile ya jana. Wameanza msimu wa tatu!! Na Emma hayuko. Hayuko kabisa, kuna msichana mwingine anaitwa Bella anageuza maji yanakuwa jeli na kila mtu amemzoea, na mpwa wangu sasa hivi amelala akijua kwa uhakika kwamba Emma alichukuliwa na yule jamaa wa maikrofoni. Ni nani atamtoa hiyo kichwani? Mimi mwenyewe nimeanza kuona mantiki yake.

Aliyebonyeza hiyo batani unajijua. Natumaini siku ya harusi yako, pale pasta anauliza kama unakubali, ukifungua mdomo mtu apulize maikrofoni. Puuuf. Moja, mbili.

Wasee niambieni ni mimi pekee?

KondaMstaafu: Ni wewe pekee.

Shiro_wa_Rosti: Si wewe pekee, na mimi nilikuwa naangalia!! Nilidhani ni dekoda yangu nikaizima nikaiwasha, nikarudi nikapata jamaa bado anauliza nyuma mnanisikia. Nilijibu kwa sauti jirani akauliza naongea na nani

Mzae_Wa_Embakasi: Mwanaume mzima na ndevu umekosa usingizi juu ya wasichana wa mkia. Wakati wetu tulikuwa tunaangalia chaneli moja, ikifika usiku wanapiga wimbo wa taifa, unasimama, unalala.

MwenyeUzi: Mzae nimeandika hapo juu ni ya mpwa

KondaMstaafu: Mpwa gani, wewe si unakaa singo rumu Umoja, huyo mtoto anapanda kochi gani? Uko na kochi? Tangu lini?

MwenyeUzi: Kochi ni ya dada. Nilikuwa kwa dada. Kwani hii uzi ni ya samani?

Fundi_Dekoda: Kwa nini mtu analia na hiyo kitu iko kwa intaneti yote? Nunua bando ya shilingi 20 uangalie Charlotte akinyang'anywa mpaka uchoke

MwenyeUzi: Umeniharibia mwisho na bado unajiita fundi

Fundi_Dekoda: Buda ni tamthilia ya watoto, kwani ulidhani mbaya anashinda?

Akoth_Mtazamaji: Ngojeni niwasaidie na ukweli kidogo maana mnapiga kelele tu. Emma hakuchukuliwa na mtu. Kwenye hadithi wanasema amesafiri dunia na wazazi wake, na nje ya hadithi ni kwamba Claire Holt, yule anamuigiza, alitoka kwenda kuigiza filamu ingine. Baadaye yeye na Phoebe Tonkin wa Cleo wakapatana tena Marekani kwenye tamthilia ya vampaya. Wako sawa kuliko sisi wote hapa. Na Lewis pia jitayarishe, msimu wa tatu anaenda kusoma Marekani.

MwenyeUzi: LEWIS PIA???

Shiro_wa_Rosti: Akoth kwa nini umemwambia leo, si ungengoja wiki iishe

Karani_Mtiifu: Ndugu zangu kwa utaratibu, kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinaweka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku kuwa muda ambao watoto wanaangalia, na stesheni inafaa kuheshimu hiyo. Unaweza kuandika malalamiko rasmi.

KondaMstaafu: Hizo kanuni zinakataza matusi na mambo ya watu wazima, hazikatazi mtu kupuliza maikrofoni. Huyo alipuliza kwa adabu

Karani_Mtiifu: Nilikuwa nasema tu njia iko.

MwenyeUzi: Niandike nini Karani? "Mheshimiwa mkurugenzi, mwezi ulikuwa umefika juu ya volkano"?

Mzae_Wa_Embakasi: Hamjui shida nyinyi. Februari 2015 stesheni kubwa zilizimwa pamoja juu ya vita vya kuhamia dijitali, tukakaa na kioo cheusi mpaka Machi. Mimi nilikuwa nimefika mahali pabaya sana kwa ile tamthilia ya Wamexico, bwana harusi amesimama kanisani. Mpaka leo sijui kama alioa.

Shiro_wa_Rosti: Alioa mzae

Mzae_Wa_Embakasi: Alioa yule mwema?

Shiro_wa_Rosti: Pacha wake

Mzae_Wa_Embakasi: Ningebaki bila kujua.

Binti_wa_Kiunga: Nawasoma tu nacheka huku Pwani. Nyie mwalia na nguva wa Australia mwenye mkia wa mpira, sisi kwetu Lamu nguva wa kweli yupo, yule mnyama mkubwa mpole anayekula nyasi za baharini, na wazee wetu walikuwa wakimuona, siku hizi kumuona mmoja ni habari ya kijiji kizima. Hakuna aliyefungua uzi. Hata maikrofoni haikupulizwa.

MwenyeUzi: Dada yangu pole lakini huyo wako hana Lewis

Binti_wa_Kiunga: Wallahi wewe una matatizo, nenda kalale.

Njeri_wa_Ghorofa_ya_Sita: Mimi swali langu ni moja. Hao wasichana shida yao yote ni maji, si ndio? Wakiguswa tu mkia. Wangehamia mtaa wa Pipeline hapa Nairobi. Miaka yao yote hapa hakuna mtu angejua, mfereji wetu ulitoa maji mara ya mwisho watu wakapiga picha

Fundi_Dekoda: 😂😂 Charlotte angekufa na nguvu zake tatu hana hata kikombe ya kugandisha

KondaMstaafu: Kayole hapa ratiba inasema Jumanne. Jumanne inafika mfereji unakohoa tu, puuuf, moja mbili

MwenyeUzi: Konda usitumie hiyo puuuf na mambo ya maji, hiyo ni ya maikrofoni

Njeri_wa_Ghorofa_ya_Sita: Na mvua ilinyesha si mliona, bwawa la Ndakaini likajaa, wakachimba handaki ya zaidi ya kilomita 11 huko Murang'a ati maji yaje Nairobi, wale watu wa maji mnawajua sitawataja, na mimi bado napandisha mitungi ghorofa sita. Bei ya mtungi ikipanda kijana wa mkokoteni anakuambia "madam ni mafuta". Mkokoteni! Mafuta gani?

Shiro_wa_Rosti: Anakunywa yeye hayo mafuta

Akoth_Mtazamaji: Kasarani pia. Na bili inakuja. Mfereji mkavu kabisa na bili inakuja kwa wakati, hiyo haijawahi kukatwa kwenda laivu

Karani_Mtiifu: Kwa bili unaweza kuandika malalamiko ras...

KondaMstaafu: KARANI

Mzae_Wa_Embakasi: Sisi tulichimba kisima kwa korti yetu ya nyumba hapa mtaani. Maji ni ya chumvi, chai inatoka na ladha ya supu, lakini yako.

MwenyeUzi: Wasee kwani hakuna mtu anasema kitu juu ya yule jamaa? Alipuliza nchi nzima ikiangalia. Mwezi ulikuwa umefika!!

Njeri_wa_Ghorofa_ya_Sita: Mzae hiyo kisima mlichanga pesa ngapi kila nyumba? Keateka wetu, msimamizi wa ploti, anasema haiwezekani, na mimi najua ni kwa sababu ndugu yake ndio mwenye mkokoteni

KondaMstaafu: Hapo sasa umetaja mtu

Mzae_Wa_Embakasi: Tulichanga kidogo kidogo. Msisahau pampu, hiyo ndio hula pesa. Na stima ikipotea pampu inalala, unarudi kwa mtungi.

Shiro_wa_Rosti: Usianzishe ya stima hapa mzae, hiyo inataka uzi wake na daktari wa presha karibu

Fundi_Dekoda: Njeri wachana na kisima, nunua tangi weka kwa balkoni. Niko na moja ya lita 500, imetumika lakini haijatoboka, kifuniko tu ndio ilibebwa na upepo

Njeri_wa_Ghorofa_ya_Sita: Si unaitwa Fundi wa Dekoda

Fundi_Dekoda: Biashara ni biashara. Njoo inboksi.

Akoth_Mtazamaji: Lita 500 pekee? Kama uko na ya 1000 mimi nachukua leo, lakini naleta mtu aiangalie kwanza ndani na tochi.