Matairi ya pikapu ya kuvuta trela, Molo hadi Kisumu: H/T, A/T au LT?

Mitamba_Molo
Wadau, habari za jioni. Matairi ya pikapu yangu yamebaki kipara, nataka kubadilisha yote manne kabla ya wikendi. Gari huvuta trela. Duka moja hapa Nakuru linanisukuma nichukue A/T (ya njia zote), fundi anasema H/T (ya lami) yanatosha, jirani ameapa kuwa bila LT (ya magari ya mizigo) nitalala njiani. Nichukue yapi?

Dala_4x4
Ndugu, hapo hujatupa kitu cha kushika. Gari gani? Saizi gani? Trela ikiwa imejaa ina kilo ngapi, na ina breki zake au haina? Unatembea kwenye lami tupu au unaingia mashambani?

Fundi_Rimu
Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye nguzo. Tuandikie saizi, namba ya uzito na upepo. Usisome matairi yaliyovaliwa sasa, huenda aliyekuuzia gari alishabadilisha.

Mitamba_Molo
Samahani wadau. Ni Isuzu D-Max ya kebini mbili. Kibandiko kinasema 245/70R16, na namba ni 111S. Trela ni ya ekseli moja, breki zake hujibana zenyewe ikianza kulisukuma gari. Napakia mitamba watatu, mara mbili kwa wiki, kwenda Ahero na Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho. Nyuma ya pikapu huwa na magunia ya chakula cha ng'ombe, kilo 600 hivi. Yote ni lami isipokuwa kilomita kama sita za kuingia shambani, na mvua ikinyesha huko ni tope tupu.

Fundi_Rimu
Sasa tunaweza kuhesabu. Mitamba watatu wa kilo 350 ni 1,050. Weka trela tupu kilo 450, jumla 1,500. Shingo ya trela inapaswa kukalia pikapu kwa takriban asilimia kumi ya uzito huo, yaani kilo 150. Lakini ekseli ya nyuma haibebi 150. Kile kichwa cha kushikia trela kiko nyuma ya ekseli kwa mita 1.25 hivi (pima cha kwako), na kati ya ekseli mbili za D-Max yako kuna mita 3.095 ikiwa ni ile ya 2012 hadi 2019. Ni kama bembea ya ubao: nyuma inaongezeka kilo 210, mbele inapungukiwa na 60. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi ukiwa na trela.

Tuseme ekseli ya nyuma ikiwa tupu ni kilo 850. Ongeza magunia 600 na hizo 210, unapata 1,660, yaani 830 kwa kila tairi gari likiwa limesimama sawa. Saizi hii huuzwa na namba mbalimbali za uzito. 107 hubeba kilo 975, 111 hubeba 1,090. Duka likikupa 107 kwa bei ya chini, saizi itaingia, gari litatembea, lakini kwenye kona uzito hulalia upande mmoja na ile nafasi ya kilo 145 inaisha mara moja. Usishuke chini ya 111, liwe H/T au A/T. Na kabla ya kununua, pitisha gari kwenye mizani likiwa na mzigo, ekseli moja moja. Hiyo 850 ni makadirio yangu.

Kericho_Mvua
H/T, kaka, bila kusitasita. Safari yako asilimia tisini na kitu ni lami, na Kericho mvua ni ya karibu kila alasiri. Kwenye lami iliyolowa, tairi lenye vizuizi vidogo vilivyokaribiana na mikato mingi myembamba hushika kuliko A/T lenye meno makubwa. Ukishuka kuelekea Awasi na kilo 1,500 zinakusukuma mgongoni, unahitaji breki kuliko unavyohitaji meno. Kilomita sita za tope utazipita kwa 4x4.

Dala_4x4
Kericho_Mvua, na tope likijaa kwenye ile mikato myembamba? 4x4 inazungusha magurudumu manne badala ya mawili, haiongezi meno. Ng'ombe wakiwa ndani ya trela huwezi kurudi nyuma na kujaribu tena kwa kasi. A/T 111, lisilo na meno makubwa kupita kiasi, ndilo la njia hii. M/T (la tope) ndilo ningemkataza: linaunguruma, linakula mafuta, na kwenye lami yenye maji linateleza.

Plai_Kumi
Mnamzungusha. LT, basi. 245/70R16 LT ya plai nane (kipimo cha uimara wa tairi) ina namba 113/110, kilo 1,150 kwa tairi. Ubavu ni mgumu, trela haiyumbishi gari, na mawe ya Molo hayapasui ubavu. Lipa mara moja upumzike.

Fundi_Rimu
Plai_Kumi, hapo pana jambo linaloharibu matairi mengi, wacha nilieleze taratibu. Hizo kilo 1,150 ni kwa upepo wa psi 65 (psi ndicho kipimo cha geji). Watu hununua LT kisha wanajaza 32 au 35 waliyozoea. Kwa upepo huo LT hubeba kidogo kuliko lile la kawaida, kwa sababu tairi la kawaida limetengenezwa lifikishe uzito wake kwa upepo wa chini.

Liko moja hapa chini kwenye sakafu ya karakana, la nyuma kushoto, limetolewa kwenye pikapu iliyokuwa ikivuta. Kwa nje meno ni ya karibu milimita nane, ungedhani jipya. Ndani, ukipitisha kidole, kinatoka na unga mweusi wa mpira, kama masizi ya sufuria. Kwenye ubavu kuna mstari unaozunguka tairi lote, rangi yake imeelekea buluu, pale ulipokuwa ukikunjwa kila mzunguko. Begani, kwenye ncha ya mkanda wa waya, mpira umeachana na waya kwa upana wa kidole, na waya zimeanza kutu. Hakuna msumari, hakuna tundu. Tairi lilikuwa na upepo mdogo kuliko mzigo, ubavu ukakunjika, mpira ukapata joto, gundi kati ya mkanda na mpira ikaachia. Ikishaachia, sehemu ya juu yenye meno hubanduka ukiwa kwenye mwendo, na mara nyingi ni kwenye mteremko.

LT si baya. Ila tafuta jedwali la aliyelitengeneza, soma kilo zako, ujaze upepo unaolingana nazo. Na vali fupi ya kawaida ya mpira kikomo chake ni psi 65. Ukitaka kukaribia hapo, weka vali ya chuma.

Plai_Kumi
Nakubali la upepo. Lakini ukijaza vizuri, LT ndilo tulivu zaidi kwa kuvuta, hapo sirudi nyuma.

Kericho_Mvua
Na likiwa tupu, psi 50 nyuma bila mzigo? Gari litarukaruka kwenye kila shimo kutoka Londiani hadi Kericho, na katikati ya tairi italika kabla ya pembeni.

Plai_Kumi
Unapunguza ukishateremsha ng'ombe. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri inatosha kuujaza tena.

Mama_Maziwa_Njoro
Naomba kuuliza. Nilisikia mtu akijaza upepo Kisumu na kuupima tena Mau Summit anakuta umeongezeka. Ni geji mbaya?

Dala_4x4
Hapana, mama. Geji hulinganisha upepo wa ndani na hewa ya nje. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari, ukipita mita 2,500 hewa ya nje inakuwa nyepesi na geji inasoma karibu psi 2 zaidi. Baridi ya juu nayo inapunguza, kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6, kwa hiyo mara nyingi vinakaribia kufutana. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi, na usiwahi kutoa upepo tairi likiwa moto eti umezidi.

Kericho_Mvua
Na naitrojeni je? Wanauza kwa kila tairi.

Fundi_Rimu
Hewa ya kawaida ni naitrojeni kwa asilimia 78. Pesa hiyo nunua geji nzuri. Jamani tumetoka njiani. Mitamba_Molo, mengine mawili. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya kutengenezwa) ubavuni: 2224 ni wiki ya 22 ya mwaka 2024. Lililolala stoo miaka minne, likatae hata kama linang'aa. Na nati zikazwe upya baada ya kilomita 80 hadi 100.

Mama_Maziwa_Njoro
Sijaona mtu akiuliza matairi ya trela yenyewe. Ndiyo huwa ya zamani kuliko yote, na ndiyo yaliyobeba ng'ombe.

Fundi_Rimu
Dada, umenikumbusha jambo kubwa. Mitamba_Molo, kwa 1,500 toa 150 ya shingo, zinabaki 1,350 kwenye matairi mawili, kila moja 675. Likiwa 185R14C (C ni tairi la magari ya mizigo) lenye namba 102, linabeba 850, uko salama. Nenda na tochi ukasome.

Mitamba_Molo
Nimetoka nje sasa hivi. Linasema 185/70R14 88T. DOT inaishia na 15.

Fundi_Rimu
88 ni kilo 560. Mawili ni 1,120, na wewe unabeba 1,350. Tena yana zaidi ya miaka kumi. Trela hiyo isitoke na mtamba hata mmoja.

Dala_4x4
Na usiweke C kwenye rimu hizo kabla ya kujua zinabeba kilo ngapi na zinavumilia psi ngapi. Mara nyingi imepigwa chapa upande wa ndani.

Mitamba_Molo
Kuna kutu, sioni. Kesho nitazifungua. Ya pikapu basi yasubiri. Plai_Kumi, jedwali la upepo la LT unalo?

Plai_Kumi
Niambie chapa kwanza, kila mmoja ana lake.