Taasisi za kigeni zinazochimba historia ya pwani: zinamtumikia nani?

Mpwani_Halisi: Wakuu, tujadili hili kwa uzito. Mwingereza ana taasisi yake ya utafiti Nairobi tangu miaka ya 60, na Mfaransa ana yake mji huo huo. Mwaka 2010 Wachina wa Chuo Kikuu cha Peking wakachimba Mambrui, karibu na Malindi, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kilichovuma duniani ni sarafu moja ya Yongle, mfalme wa China wa karne ya 15, na safari za Zheng He, baharia wake. Vigae vya vyungu vyetu nani alivitangaza? Kila taifa linakuja kujitafuta lenyewe kwenye udongo wetu. Vibali vya utafiti viendelee hivi hivi?

Mdau_Sayansi: Usichanganye mambo, mkuu. Tanzania kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, hukipati bila mshirika wa ndani. Na bila Neville Chittick, aliyeiongoza hiyo taasisi ya Waingereza, Kilwa tungeijua kwa lipi? Kachimba miaka, katoa majuzuu mawili mwaka 1974. Sisi tulichangia nini zaidi ya kubeba udongo?

BintiWaMchimbaji: Kubeba udongo? Baba yangu alichimba kwenye magofu ya pwani, mradi na mahali sivitaji. Alishika chekeche kuanzia alfajiri, na akisugua kigae kwa kidole gumba anakwambia hiki cha hapa, hiki kimekuja na jahazi. Wenye shahada walikuwa wanamwita aje aamue. Kitabu kilipotoka yeye na wenzake wakawa neno moja tu: vibarua. Futa kauli yako.

Mdau_Sayansi: Dada yangu, sikumlenga mzee. Nilimaanisha fedha.

BintiWaMchimbaji: Hukuandika fedha. Uliandika udongo.

Kusini_Kwetu: Dada ana haki, na jambo lenyewe ni zito kuliko heshima ya mtu mmoja. Chittick aliamini miji hii chimbuko lake ni wageni kutoka ng'ambo. Waliokuja kumpinga kwa ushahidi wa vigae ni pamoja na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwenye mkono uliozoea kigae cha nyumbani angeulizwa mapema, tungechelewa hivyo?

Mdau_Sayansi: Na Chami uzamivu wake alifanyia wapi? Uppsala, Sweden, 1994. Ushirikiano huo huo mnaoupiga mawe.

Mpwani_Halisi: Hakuna aliyeupiga mawe. Sweden ilisomesha mtu akarudi kufundisha wenzake. Huo ndio ninaoutaka. Kuondoka na sampuli halafu matokeo yakae kwenye jarida la kulipia, huo siutaki.

Kusini_Kwetu: Tusisahau Kilwa iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004 kwa msaada wa Wafaransa.

Mwalimu_Masoko: Hapana ndugu. Iliingia 1981. Mwaka 2004 iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikatolewa 2014. Ufaransa na Japani zilichangia ukarabati, hilo kweli, nasi tunawashukuru.

Ila mimi shida yangu ni nyingine. Nafundisha Masoko, ng'ambo tu ya Kilwa Kisiwani yenye magofu. Tukivuka na mashua, watoto wanasimama chini ya kuba za Msikiti Mkuu wananiuliza nani alijenga na mawe yalitoka wapi. Majibu yapo kwa Kiingereza. Nakaa usiku natafsiri kurasa chache nilizonakiliwa na rafiki, nikikwama kwenye neno la kiufundi naliruka. Miaka zaidi ya hamsini tangu majuzuu yale, sijawahi kushika kitabu chake cha Kiswahili. Kibali kiwe na sharti moja: utakachoandika kuhusu Kilwa, Kilwa wakisome.

Mdau_Sayansi: Hilo naliunga mkono, mwalimu. Nani alipe wafasiri?

Mpwani_Halisi: Anayelipia ndege ya mtafiti.

BintiWaMchimbaji: Na majina ya wachimbaji yawekwe humo. Mdau, bado hujafuta.

Mwalimu_Masoko: Mwenye mchoro wa Msikiti Mkuu wenye maelezo ya Kiswahili, hata picha ya simu, anitumie. Ijumaa tunavuka.